Fundi Aliyevua Kiatu

Kitu cha kwanza alichofanya Fundi akiletewa gari bovu ni kuvua kiatu. Si viwili, kimoja tu, cha kulia. Aliketi kiti cha mbele kando ya dereva, akakipakata kile kiatu, akaushusha mguu mtupu sakafuni, kisha akasema, "Tuende." Mteja mpya alitutazama sisi wa zamani ili tumweleze, na sisi wa zamani tukatazama pembeni. Gari likishazunguka mitaa miwili mitatu ya Kamalondo na kurudi, Fundi alikuwa ameshajua linaumwa nini, na mara nyingi alikuwa amejua kweli.

Alizaliwa wapi na ni mtoto wa nani, hayo siyasemi, kwa sababu mwenyewe alijibu kulingana na aliyeuliza. Aliyekuwa na babu wa reli alisimuliwa mambo ya reli, aliyekuwa na babu wa mgodi alisimuliwa mambo ya mgodi, na wote wawili waliondoka wakimwita ndugu. Mimi nilimkuta mtu mzima tayari, mwenye tumbo dogo la mviringo, kofia ya sufu hata wakati wa joto, na gereji yake ambayo kwa kweli ilikuwa uwanja wenye ukuta mmoja na shimo moja la kuingia chini ya magari. Shimo alilichimba kwa mikono yake na alilisifu kuliko watoto wake. Mlangoni, mkewe, ambaye sote tulimwita Mama, alikaanga vitumbua. Mimi nauza misumari, kufuli na rangi kule Naviundu, na naendesha Mercedes iliyoizidi ndoa yangu umri, kwa hiyo nilikula vitumbua vingi.

Siri yake naitoa sasa hivi, maana bila siri hiyo hamtaelewa chochote: Fundi alikuwa hasikii. Sauti nene zilimfikia kidogo, kwa mbali, lakini sauti nyembamba zilikuwa zimemwacha miaka mingi. Kwa mwashi au mshona viatu hilo ni shida ndogo. Kwa fundi wa magari ni balaa, kwa kuwa mteja wa hapa kwetu hasemi gari lina ubovu gani, anasema linalia vipi, na ataliiga mbele yako kwa mdomo, mashavu na mabega. Fundi asiyesikia, watu wangemkimbia kabla jua halijatua.

Mama alijua, bila shaka. Na Mama alikuwa na haja yake. Binti yao aliolewa na kuhamia Golf, mtaa wa matajiri, kwenye nyumba yenye bomba la maji ndani na chumba kilichotandikwa tayari kwa ajili ya wazee, chenye dirisha la kutazama bustani. Moshi ulikuwa umemla Mama macho, magoti yalimuuma, na kile chumba alikitamani waziwazi, hakuona haya kukitaja. Siku moja, mimi nikiwa hapo na kitumbua mdomoni, alimsimamia mumewe mbele na kumwambia pole pole ili asikose neno:

"Siku gari moja itatoka hapa na makelele, na weye useme imepona, tunafunga. Tunaenda Golf. Hatutabishana."

Fundi alikubali. Angefanyaje? Lakini tangu siku ile kazi yake ilikuwa mbili: kutengeneza magari, na kuhakikisha hakuna sauti inayompita mbele ya mkewe.

Golf aliiogopa kuliko kifo. Aliwahi kwenda Jumapili moja, akakuta hakuna kilichoharibika. Majokofu yanafanya kazi, milango haigongi, hata mbwa alikuwa mzima. Alivumilia hadi baada ya chakula, halafu akaamua kwamba lango la umeme linatetemeka kupita kiasi, akavua kiatu, akaliwekea mguu, akaifungua mota yake yote vipande vipande. Wageni wa binti yake waliokuja kula mchana wakala na chakula cha jioni pia, kwa sababu lango lilikataa kufunguka. Akisimulia kisa hicho alisema lango lilikuwa bovu tangu mwanzo na wao ndio hawakujua.

Mguu wake haukuwa uganga. Alinieleza mara moja, tukiwa wawili, kwamba kila kinachozunguka ndani ya gari kinatetemesha bati kwa namna yake, na kwamba mtu akikosa njia moja ya kujua anatafuta nyingine. Kidole gumba alikisogeza sakafuni kidogo kidogo, kuelekea kwenye injini, kuelekea mlangoni, kuelekea kwenye nundu ya katikati, mpaka akapata pale mtetemo ulipokuwa mkali. Wateja waliona ni madaha ya mzee. Wengine walianza hata kumwiga, na nina hakika kuna vijana hapa mjini wanaovua kiatu ndani ya gari bila kujua kwa nini.

Ila mguu haukutosha, na hapo ndipo ujanja wake ulipoanzia. Fundi alisoma midomo. Alisoma midomo ya mtu aliyesimama ng'ambo ya barabara, ya mtu mwenye ndevu, ya mtu anayetafuna. Nilimwona siku moja akiwapokea bwana na bibi waliokuja na gari lisilowaka vizuri. Alipoinama kwenye injini, bwana alimnong'oneza mkewe asiseme kwamba walilipitisha mtoni mvua ilipofurika. Fundi alikuwa amewapa mgongo, lakini kioo cha pembeni cha gari kilikuwa kimewaelekea wao. Akainuka, akajifuta mikono, akatamka kwa huzuni:

"Hii gari ilikunywa maji ya muto."

"Nani alikuambia?" bwana akauliza.

"Gari njo ilisema."

Wale watu waliondoka wakimwogopa, na kwa muda mrefu walimletea jamaa zao wote. Alipenda kusema kwamba gari halina ujanja, mwenye gari ndiye mjanja, na akisema hivyo alikuwa na uso wa mtu asiyewahi kudanganya tangu abatizwe.

Uongo aliuchukia, hasa wa watu wengine. Kanisani alikaa mstari wa mbele kabisa, watu wakamsifu kwa uchaji, kumbe alitaka kuuona mdomo wa padri. Alikuwa kwenye kwaya upande wa besi, na macho yalimganda kwa mwongozaji. Siku mwongozaji alipopatwa na kikohozi katikati ya wimbo na kugeuza uso, kwaya nzima ilinyamaza kumngoja, lakini besi moja iliendelea peke yake hadi mwisho wa ubeti, kwa sauti nzuri tu. Watu walidhani amepandwa na roho. Akaachiwa, na tangu hapo akawa anaombwa aimbe peke yake sikukuu zikifika.

Mimi niliingia kwenye njama hiyo bila kualikwa. Kuna mfanyabiashara aliyetoka Kivu ya Kaskazini, mtu wa malori na magunia, alileta gari dogo lililokuwa likipiga ukelele mwembamba kila aliposhika breki. Sisi wote uwanjani tulisikia hadi meno yakatukakamaa. Fundi alizunguka nalo, kiatu mapajani, mguu sakafuni, akarudi akasema gari ni zima kabisa, mwenye gari ndiye apumzike. Ukelele mwembamba namna ile haufiki mguuni. Mfanyabiashara akaanza kumkodolea macho, na Mama kule mlangoni akaacha kugeuza vitumbua.

Nilisimama nyuma ya yule mteja, nikakwaruza kiganja kwa kucha, nikakunja uso kama ninayeumwa jino, nikakanyaga hewa kwa mguu kama anayefunga breki. Fundi alinitazama kitambo. Kisha akasema kwa utulivu mkubwa kwamba alikuwa anamjaribu mteja tu, kuona kama anaijua gari yake, na kwamba breki zimebaki chuma kitupu. Mama aligeuza vitumbua. Baadaye Fundi hakunishukuru. Alinilaumu kwa kukanyaga hewa kwa mguu wa kushoto, eti nilikaribia kumfanya aseme klachi.

Tangu hapo nilikuwa mtu wake. Nikifika hapo na kusikia kitu, nilimwonyesha: kidole kikizunguka kwa mkanda, ngumi kwa ngumi kwa kitu kinachogonga, mkono ukipepea kwa kitu kilicholegea. Nilijiona mtu muhimu sana. Ilinichukua muda kugundua kwamba dereva wa teksi aliyekuja kila juma naye alikuwa na ishara zake, na mshona suti wa jirani naye zake, na kila mmoja alijidhani ndiye peke yake. Tulipokuwepo wote watatu tulipepesa mikono hadi Fundi akatugombeza kwamba tunamchanganya.

Majuzi, mvua zilipokuwa zinaelekea kwisha, Mercedes yangu ilianza kuvuma. Haukuwa mlio wa kutisha. Ulikuwa mvumo wa chini chini, ulianza nikifika mwendo wa wastani na kupanda kadiri nilivyokanyaga mafuta, na nikiondoka pale niliposimama sakafu ilitetemeka kidogo, halafu ikatulia. Fundi mmoja wa karibu na dukani kwangu aliniambia ni matairi. Nikabadili matairi, likavuma na matairi mapya. Mwingine akasema ni rulma, yaani beringi za magurudumu. Hapo nikapata akili, nikaenda Kamalondo, nikapokelewa kwa uso wa mtu aliyesalitiwa, kwa sababu matairi mapya alishayaona.

Alivua kiatu, tukatoka. Nilipofika mwendo wa ule mvumo aliniamuru nitoe gia, gari likaserereka lenyewe. Mvumo ulibaki, nikamwonyesha kwa kiganja kwamba upo, naye akapiga sakafu kwa kisigino kunijulisha kwamba haningojei mimi. Basi si injini. Akaniambia niyumbishe usukani, kulia, kushoto, uzito wa gari uhamie upande mmoja kisha mwingine. Hakikubadilika kitu, kwa hiyo rulma za magurudumu hazina kosa. Tukatoka kwenye lami tukaingia kwenye udongo mwekundu, mvumo ukawa uleule, na hapo matairi yangu yakaachiwa huru. Kidole gumba kikapanda nundu ya katikati, kikarudi nyuma kidogo, kikasimama kati ya viti viwili.

"Palier," akasema.

Tuliporudi aliniingiza shimoni, jambo ambalo hakulifanyia kila mtu. Mercedes ya zamani inasukumwa na magurudumu ya nyuma, kwa hiyo chini yake inapita shafti ndefu kutoka mbele hadi nyuma, na kwa kuwa ni ndefu imekatwa vipande viwili. Pale vinapokutana kuna beringi iliyovikwa mpira na kufungwa kwenye bati la gari, ishikilie shafti isichezecheze. Hiyo ndiyo palier. Alinishika mkono, akauweka kwenye shafti, akaniambia nisukume juu. Ikapanda, ikashuka, kwa ulegevu wa jino la mtoto. Mpira ulikuwa umechanika nusu mzunguko. Alinionya kwamba kuna mafundi wanaotenganisha shafti bila kwanza kuichora alama, wakairudisha imegeuka, na gari likatetemeka kuliko mwanzo. Yeye hapohapo akachora alama zake kwa chaki nyeupe.

Nilipotoka shimoni nilimkuta Mama amesimama. Juma lile kulitokea aibu: gari moja lilitoka pale likilia mkanda, hakukuwa na dereva wa teksi wala mshona suti wala mimi, na mwenye gari alirudi akibwata. Mama hakufoka. Alifunga sahani na masufuria yake ndani ya shuka, mzigo ukawa pale ukutani, nimeuona. Aliniambia mimi, lakini uso kauelekeza kwa mumewe, kwamba Mercedes hii ndiyo itakayoamua. Fundi ataweka palier mpya, kisha yeye Mama atapanda nyuma na kusikiliza kwa masikio yake. Gari likivuma na Fundi akasema limepona, watalala Golf.

"Ni sawa," Fundi akajibu, upesi mno.

Nilitafuta palier mpya, nikaileta ndani ya boksi lake. Fundi akatufukuza sote, akashuka shimoni peke yake. Kwa muda mrefu tulisikia nyundo, na katikati ya nyundo tulisikia besi. Mama aliosha mikono, akavua aproni, akaenda kuvaa kikwembe, kitenge chake kizuri, kile cha Pasaka. Nilielewa kwamba kwake leo ni safari. Nilimwonea huruma, na nilimwonea huruma Fundi, na nilijionea huruma mimi ambaye nitakuwa kwenye usukani.

Tulipoingia garini, jambo la kwanza nililoliona ni miguu yake. Alikuwa amevaa viatu vyote viwili. Nikamwonyesha kwa macho, akanijibu kwa kiburi kwamba kazi yake anaijua na haina haja ya kupimwa. Niliwasha gari, nikaondoka, na sakafu ikatetemeka kwa mtetemo uleule wa zamani.

Tulipopita kona ya baa nikaongeza mwendo, na mvumo ukaja. Uleule. Nilitazama kwenye kioo, nikakutana na macho ya Mama. Alikuwa amesikia. Nilijua amesikia kwa jinsi alivyoshika kikwembe magotini kwa mikono yote miwili, na nilijua kwamba bustani na dirisha na maji ya bomba vyote vilikuwa ndani ya gari na sisi, anahitaji kusema neno moja tu avipate. Fundi aligeuka, akauegemeza mkono kwenye kiti, akaweka macho kwenye midomo yake.

"Mama ya batoto, unasikia nini?"

Lori lilitupita, tukala vumbi lake.

"Hakuna kintu," Mama akasema. "Iko kimya."

Fundi akanigeukia mimi. Nikasema kimya kabisa, hata injini siisikii, na moyoni nikajiambia kwamba kesho nitalipeleka kwa fundi mwingine kisirisiri, hata akiwa mbali kiasi gani. Akaniambia niongeze mwendo. Nikaongeza, mvumo ukajaa garini hadi kifuniko cha kisanduku cha mbele kikaanza kulialia. Akamuuliza Mama tena. Mama akajibu tena, akimtazama machoni, kwamba gari halijawahi kuwa zuri namna hii.

Fundi aliinama, akaingiza mkono chini ya kiti chake, akatoa boksi. Lilikuwa halijafunguliwa. Akaliweka mapajani, pale alipozoea kuweka kiatu, na mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Palier ya zamani iko mahali pake, sikuigusa," akasema. "Nyundo yenye mulisikia, nilikuwa napiga jante ya gurudumu. Hii gari inavuma mpaka minaisikia na kiatu, na soksi, na sabuni ya asubui. Sasa shiye batatu, mwenye masikio mabovu ni nani? Golf iko na chumba kimoja tu. Mutalala namna gani bawili?"

Nilisema nilidhani ni upepo unaovuma. Alinitazama kwa dharau iliyonistahili. Lakini Mama hakucheka wala hakujitetea. Aliinama mbele, akamshika mumewe kidevu, akamgeuza uso hadi wakatazamana, akasema taratibu, neno baada ya neno:

"Nilisikia. Tangu kwa kona. Golf minaitaka, unajua minaitaka sana. Lakini kule hautakuwa weye, na miye njo weye minataka."

Kicheko cha Fundi kilikuwa kimekwisha, na macho yalikuwa yamemjaa maji hadi kwenye kope. Mtu huyu alisoma maneno kwenye kioo cha pembeni, kwenye ndevu, ng'ambo ya barabara. Alijikohoza, akaipangusa pua kwa kofia yake, akaurudisha uso wake pale pale karibu na midomo ya mkewe.

"Gari inapiga makelele mingi," akasema. "Sikushika muzuri. Rudilia."

Mama akarudia.